Mifupa Ni Ile Ile

Kwenye sanduku la vitabu vya darasa letu la jioni kuna vitabu viwili vinavyogombana. Cha kwanza ni cha zamani, jalada limeliwa na mchwa na kurasa za mwanzo hazipo. Ndani yake kuna picha ya dinosaria mwenye rangi ya matope, amesimama wima kwa miguu miwili kama mlevi anayetafuta ukuta wa kuegemea, mkia ameuburuta chini. Cha pili kililetwa na mgeni mmoja aliyetembelea kambi. Humo dinosaria wanakimbia, mikia iko juu, na mmoja mdogo ana manyoya kuanzia kichwani mpaka mkiani.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka kama kumi na miwili, alivifungua vyote viwili juu ya benchi akaniita.

"Mwalimu, huyu iko na manyoya kama kuku. Na huyu hana. Nani anadanganya?"

Nikamwambia hakuna anayedanganya. Watu walijua kidogo, sasa wanajua zaidi, basi. Hakuridhika.

"Kama walikosea mara ya kwanza, tutajuaje hawajakosea na leo?"

Wenzake wakacheka, wakadhani mwalimu ameshindwa. Kweli nilishindwa. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, nafundisha hesabu na Kiswahili. Mambo ya dinosaria nilikuwa nayajua kwa juu juu tu. Nikamwomba anipe muda. Kwa wiki kadhaa nilikuwa napanda kwenye kile kilima ambacho mtandao unashika, nasoma kwenye simu mpaka chaji inaisha. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata. Na nilipokuwa nasoma, kila mara nilikuwa namkumbuka mama yangu. Sababu nitaieleza mwishoni.

Jino la daktari

Tuanze na yule wa kitabu cha zamani, aliyesimama kama mlevi. Jina lake iguanodoni.

Miaka 200 hivi iliyopita, huko kusini mwa Uingereza, kulikuwa na daktari aliyeitwa Gideon Mantell. Kazi yake ilikuwa kutibu watu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 alikuwa na meno makubwa yaliyosagika juu, kama meno ya mnyama anayekula majani. Aliwaonyesha wataalamu. Georges Cuvier wa Paris, aliyekuwa bingwa wa mifupa kuliko wote wa wakati ule, kwanza alisema ni meno ya kifaru. Baadaye akabadili kauli mwenyewe, akakubali kwamba huenda ni ya mnyama wa jamii ya mijusi.

Mantell akaja kuonyeshwa mifupa ya mjusi wa Amerika anayeitwa iguana. Akaona meno yanafanana, ila haya yake ni makubwa mara nyingi zaidi. Mwaka 1825 akamtangaza mnyama wake kwa jina la iguanodoni, maana yake jino la iguana. Halafu akapiga hesabu: kama jino la iguana mdogo ni kiasi hiki na mwili wake ni kiasi hiki, basi mwenye jino hili kubwa alikuwa na urefu wa mita kama 18. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mnyama huyu ni iguana aliyekuzwa tu. Leo tunajua kwamba iguanodoni mkubwa alifika mita kama 10.

Mwaka 1834 kwenye machimbo ya mawe ya Maidstone ikapatikana mifupa mingi zaidi, imechanganyikana ndani ya jiwe moja. Kulikuwa na mfupa mmoja uliochongoka kama pembe. Utauweka wapi? Mantell alipochora mnyama mzima, pembe ile akaiweka puani, kama ya kifaru.

Mwaka 1842 mtaalamu mwingine wa Uingereza, Richard Owen, akaunda jina ambalo mpaka leo tunalitumia: dinosaria. Limetoka Kigiriki, maana yake mjusi wa kutisha. Wakati huo aliwaweka kundini wanyama watatu tu. Owen hakukubali kwamba iguanodoni ni mjusi wa kutambaa. Aliangalia nyonga na mifupa ya miguu, akasema wanyama hawa walisimama juu ya miguu iliyonyooka chini ya mwili, kama tembo. Hapo alipatia. Basi mwaka 1854, kwenye bustani ya Crystal Palace huko London, mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins akajenga sanamu za ukubwa kamili kwa kufuata mawazo ya Owen. Iguanodoni wake ana miguu minne minene, mwili mzito, na pembe puani.

Sanamu zile zipo mpaka leo. Ukiwa na mtandao utaziona. Watu huzicheka, lakini mimi sikuweza kucheka. Walikuwa na meno, vipande vya miguu, na pembe moja isiyojulikana mahali pake. Wewe ukipewa vigae vitatu vya chungu usichowahi kukiona, ukaambiwa kichore chungu chote, utachora nini?

Mgodi wa Ubelgiji

Mwaka 1878, katika kijiji cha Bernissart nchini Ubelgiji, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa mita 322 chini ya ardhi. Walipasua mahali wakakuta kitu walichodhani ni miti iliyogeuka jiwe. Kumbe ni mifupa. Si kipande kimoja wala viwili, bali iguanodoni zaidi ya 30, wengi wao wazima, mfupa umeshikana na mfupa.

Sisi tuliotoka Kongo jina la Brussels tunalijua kwa habari nyingine. Miaka ile ile mfalme wao Leopold wa pili alikuwa anapanga namna ya kuichukua nchi yetu, na mwaka 1885 ikawa mali yake. Lakini katika mji huo huo, mtaalamu kijana aliyeitwa Louis Dollo alikuwa anatazama mifupa ya Bernissart, na swali la pembe likapata jibu. Hapakuwa na pembe puani. Kila mnyama alikuwa na miiba miwili, mmoja kwa kila mkono. Pembe ya Mantell ilikuwa dole gumba.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kilimani, mpita njia akanishangaa. Zaidi ya miaka 40 dole gumba lilikaa puani!

Lakini hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo kitabu chetu cha mchwa kinapoingia. Miguu ya nyuma ya iguanodoni wa Bernissart ilikuwa mirefu kuliko ya mbele. Kwa hiyo mwaka 1882, walipomsimamisha wa kwanza, walimsimamisha wima kwa miguu miwili. Mifano yao ilikuwa kangaruu na ndege mkubwa wa Australia asiyeruka. Mkia wakaupinda chini kama mguu wa tatu. Picha hiyo ikaenea dunia nzima, ikaingia kwenye vitabu vya shule kwa karibu miaka 100. Ndiyo iliyofika mpaka kwenye sanduku letu.

Mwaka 1980 mtaalamu wa Uingereza, David Norman, alitoa uchunguzi wake wa mifupa ile ile. Sikilizeni vizuri: ile ile. Hakuchimba mingine. Aliona kwamba kando ya uti wa mgongo na mkia kuna kano zilizogeuka kuwa mfupa, zimepangana kama fito za ukuta wa nyumba ya udongo. Mkia wa namna hiyo haupindiki. Ili ulale chini vile, ni lazima uuvunje. Akatazama viganja, akaona vidole vitatu vya katikati ni vinene na vina kwato, vidole vya kukanyagia. Kwa hiyo iguanodoni aliweza kusimama kwa miwili, lakini mara nyingi alitembea kwa minne, mgongo umelala, mkia umenyooka nyuma.

Angalia safari yenyewe: miguu minne, halafu miwili, halafu tena minne. Owen alipatia idadi ya miguu, ingawa mnyama aliyemchora hakuwepo. Dollo alipatia dole gumba akakosea mkia. Hakuna aliyepatia yote, na hakuna aliyekosea yote. Wale wa Brussels bado wamesimama wima ndani ya vioo, kwa sababu mifupa ni dhaifu na kuipanga upya kunaweza kuivunja. Ukienda leo utaona picha ya mwaka 1882, na maelezo ya kukuambia kwamba siyo.

Mjusi wa Tendaguru

Binti yule aliponisikia nikisimulia habari hizi aliuliza kama dinosaria walikuwa wa Wazungu tu. Nikamwambia hapana. Mmoja wa wakubwa kuliko wote alitoka katika nchi hii hii inayotuhifadhi, ila upande wa pili, kusini kabisa, mkoa wa Lindi. Watanzania wanamwita mjusi wa Tendaguru, na habari zake zimefika mpaka bungeni: arudishwe au asirudishwe, na nchi inafaidika nini.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani alikuta mfupa mkubwa umechomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Wakati huo Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinawaka, na baada yake kusini yote ilibaki na njaa na makaburi. Mwaka 1909 wataalamu wa makumbusho ya Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, walikuja kuchimba. Kazi iliendelea mpaka 1913. Nasema walikuja kuchimba, lakini waliochimba hasa ni mamia ya Waafrika, walioishi pale na wake zao na watoto mpaka kilima kikawa kijiji. Walifungia mifupa kwa mianzi na udongo isivunjike, wakaibeba kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Ujerumani kwa namna hiyo. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, mtu aliyesifiwa kwa ustadi wa kutoa mfupa kwenye udongo bila kuuharibu.

Mnyama mkubwa kuliko wote waliomtoa, Janensch alimpa jina la brakiosaura mwaka 1914. Akaja kusimamishwa Berlin mwaka 1937. Miguu ya mbele iliwekwa imepinda kwa nje, viwiko pembeni, kama mjusi anayepiga "pushapu" ukutani. Mkia ulilala sakafuni. Si ajabu wengi waliomtazama walibaki na neno mjusi.

Siku hizo pia iliaminika kwamba mnyama mzito hivyo asingeweza kuishi nchi kavu. Alikaa ziwani, wakasema, maji yakimbeba, akatoa kichwa juu kupumua, kwa sababu tundu za pua zake zilionekana ziko juu ya fuvu. Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika tungeweza kuwauliza swali moja. Ukizama mita kadhaa, kifua hakibanwi? Mwaka 1951 Kenneth Kermack alionyesha jambo hilo hilo kwa hesabu: mapafu yakiwa chini kiasi kile, maji yangeyabana mpaka hewa isiingie. Na nyayo zilizogeuka jiwe, kwa mfano zile zilizochunguzwa Texas mwaka 1938, zinaonyesha wanyama wa jamii hiyo wakitembea, lakini mchirizi wa mkia unaoburutwa hauonekani.

Hata uzito ulibadilika. Mwaka 1962 Edwin Colbert alikadiria tani 78. Leo makadirio mengi ni nusu ya hapo au chini yake, kwa sababu mifupa ya shingo na mgongo imeonekana ina nafasi za hewa, kama ya ndege, na mwili wenyewe haukuwa mnene kama walivyodhani.

Kati ya 2005 na 2007 Berlin walimfumua wakamsimamisha upya. Sasa miguu ya mbele imenyooka kama nguzo, mkia uko hewani, na kichwa kimefika mita 13.27 kutoka sakafuni. Hata jina limebadilika. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza mnyama wa Tendaguru atengwe na brakiosaura wa Marekani, na mwaka 2009 Michael Taylor akathibitisha kwa kulinganisha mfupa kwa mfupa. Siku hizi anaitwa jirafatitani, jitu la twiga.

Kuna sahihisho jingine lililonigusa zaidi. Kwa miaka mingi, katika habari za Tendaguru, walionekana wataalamu wawili watatu wa Ujerumani, na wabebaji bila majina. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa huko alipewa jina linalomkumbuka Boheti. Mwaka 2019 mkia mmoja uliokaa makabatini zaidi ya miaka 100 ulipewa jina la Wamwera, watu wa nchi ile. Hiyo nayo ni picha iliyochorwa upya. Watu walikuwepo siku zote. Mchoraji ndiye hakuwaweka.

Manyoya

Sasa yule wa manyoya. Mwaka 1964 huko Montana, Marekani, John Ostrom alikuta dinosaria mdogo, mwembamba, mwenye kucha kubwa kama mundu kwenye kila mguu. Mwaka 1969 akaandika kwamba mnyama kama huyu hakuwa wa kulala juani kama mamba. Alikuwa mwepesi, mkimbiaji. Akafufua wazo la zamani kwamba ndege wametokana na dinosaria. Wengi walibisha.

Mwaka 1996 huko Liaoning, China, ikatangazwa habari ya dinosaria mdogo aliyezikwa kwenye tope laini sana. Kuzunguka mifupa yake kulikuwa na kivuli cha vinyweleo, kama manyoya ya kifaranga. Baada yake wakaja wengine wengi. Na mwaka 2010 wataalamu waliangalia vinyweleo hivyo kwa hadubini, wakakuta chembe ndogo sana za rangi. Kwa kulinganisha umbo la chembe hizo na za ndege wa leo, wakasema mnyama huyu alikuwa na rangi ya kahawia nyekundu, na mkia wake una pete nyeusi na nyeupe? Hapana, si nyeusi: kahawia na nyeupe. Nimeacha kosa langu hapa makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia wanafunzi siku ya kwanza, na siku ya pili nikarudi kusahihisha.

Msidhani kila kipya kinakwenda upande mmoja. Mwaka 2012 China ilitoa dinosaria mkubwa wa jamii ya tiranosaura, mwenye manyoya. Wachoraji wakaanza kumvika manyoya hata tiranosaura mwenyewe, yule mkubwa wa kwenye sinema. Mwaka 2017 watafiti wakakusanya vipande vya alama za ngozi yake, na kila kipande walichonacho kina magamba. Manyoya, kama aliyakuwa nayo, yalikuwa machache. Brashi ikarudi nyuma.

Basi nilirudi kwa yule binti na jibu langu. Nilimwambia: uliuliza tutajuaje hawajakosea leo. Mambo mengine wamekosea, hilo usiwe na shaka. Lakini kosa la leo ni dogo kuliko la jana. Mantell alikosea karibu mita nane na mahali pa pembe. Sasa wanabishana kuhusu manyoya ya mgongoni. Kwamba mkia haukuburutwa, hapo hakuna anayerudi. Rangi, kwa wengi wao, bado ni kubahatisha. Sauti, ndiyo kabisa. Ukiona picha, usiulize tu kama imebadilika. Uliza imebadilishwa na nini. Kama ni mfupa mpya, au jicho jipya juu ya mfupa wa zamani, pokea. Kama ni mtu tu amependa iwe hivyo, kataa.

Akafikiri. "Kwa hiyo mtu akibadilisha maneno, siyo kwamba ni mwongo?"

Nikasema, inategemea. Halafu nikanyamaza, maana nilimwona mama yangu.

Karatasi ya mama

Tulivuka ziwa mwishoni mwa 1996. Mimi nilikuwa mdogo. Kaka yangu mkubwa alikuwa amepanda mtumbwi mwingine, na watu waliofika nyuma yetu walisema mtumbwi ule ulizama. Mama alilia matanga bila maiti. Siku ya kuandikishwa aliulizwa idadi ya watoto, akasema wangu ni wanne, mmoja amekufa majini. Ikaandikwa hivyo.

Miaka mingi baadaye alikuja mtu mgeni kambini, wa kwetu. Akamwambia mama kwamba alimwona kaka yangu Kalemie, mtu mzima, ana kovu lile la nyusi alilopata akicheza mpira. Mama hakulala siku tatu. Siku ya nne akavaa kitenge chake kizuri akaenda kueleza kwenye ofisi moja, ili jina la mwanawe lirudi kwa walio hai na atafutwe.

Aliyekuwa upande wa pili wa meza alifungua faili, akasoma, akauliza: "Mama, mbona mwanzo ulisema amekufa?"

Ni hilo tu. Hakumfokea. Lakini sisi wakimbizi swali hilo tunalijua. Tumeambizana tangu zamani: kwenye mahojiano usibadilishe neno, ukibadilisha utaonekana mwongo na kesi yako itakwama. Mama akaogopa. Akasema labda nimesikia vibaya, akarudi nyumbani. Habari ya kaka ikabaki ndani ya nyumba, na yule mgeni naye akaja kuhama.

Sisemi kwamba kila anayebadilisha maelezo ni mkweli. Nimeishi humu muda mrefu, najua kuna wanaotunga. Mwenye kazi ya kusikiliza ana haki ya kuuliza. Lakini katika historia hii ya mifupa, Cuvier alisema kifaru, kisha akasema si kifaru, na hakuna anayemwita mwongo. Berlin walimfumua mjusi wao mbele ya dunia nzima, na watu walipanga foleni kwenda kumwona. Kwao kusahihisha ni kazi. Kwa nini kwa mama yangu iwe kosa?

Ndugu zangu mnaofanya kazi na mashirika, ninachoomba si kwamba mtuamini tu. Mtu akija na maneno mapya, mwulizeni lile swali la pili: nini kimekuja kati ya siku ile na leo? Na sisi tulio upande huu wa meza, tujifunze kuonyesha mfupa wetu. Tuseme wazi: wakati ule nilijua hiki, kwa sababu hii, sasa najua hiki, na aliyeniambia ni huyu.

Mwezi uliopita nilikaa na mama nje, chini ya mwembe, nikamsimulia habari ya dole gumba lililokaa puani. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akaniambia nilete kalamu. Tuliandika ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza unasema aliyoyajua mwaka 1996 na waliomwambia. Wa pili unasema aliyoyasikia baadaye, mji, kovu, na jina la mgeni yule. Hatukufuta kitu. Tuliipeleka pamoja, na safari hii aliyetupokea aliisoma mara mbili, akaandika tarehe juu yake, akaiweka ndani ya faili, nyuma ya ile ya zamani.

Hatujapata jibu. Kaka yangu, kama yupo, sasa ana zaidi ya miaka 40, na mama bado anamwona na kaptula ya shule. Jana aliniuliza kama ninadhani ameota mvi. Nikamwambia sijui. Tukaanza kukisia wote wawili, tukianzia kwenye kovu.